Wamennonite wahafidhina: mzee akisimamishwa tunaambiwa "tuombe tu", lakini jikoni kila mtu ana habari. Tatizo liko wapi?

#1 BintiMara
Wakuu, salaam.

Nimelelewa KMT (Kanisa la Mennonite Tanzania) huko Mara, na kwa muda mrefu sasa niko Lancaster, Pennsylvania. Nasali na Wamennonite wahafidhina. Magari wanaendesha, umeme wanao, ila televisheni hamna, na kina mama wote tunafunika kichwa. Ni watu wema sana. Nilipofiwa na mama walinipikia wiki nzima, na watoto wangu walilala nyumba za watu bila mimi kuomba.

Sasa kilichonisumbua. Jumapili moja, mahubiri yameisha, askofu akasimama akasoma karatasi fupi: mmoja wa wahubiri wetu amenyamazishwa kwa muda, yaani asihubiri, anapewa ushauri, na washirika tusilijadili jambo hili bali tuombe. Wimbo ukaimbwa, tukatoka. Haikufika katikati ya wiki nimeshaletewa sababu tatu tofauti. Mmoja kasema ni pesa za mfuko wa maskini. Mwingine kasema mwanamke. Wa tatu akaapa ni ugomvi na askofu juu ya simu zenye intaneti. Na wote walianza kwa maneno yale yale: "Nakuambia ili uombee."

Mke wa mhubiri anaendelea kuja kila Jumapili na kukaa benchi lake lile lile. Watu wanamsalimia, busu takatifu anapewa, kisha wanaondoka haraka kwa sababu hakuna anayejua aseme nini. Huyo mama ndiye ananiuma kuliko yote.

Swali langu: siri ndiyo inazaa umbea, au umbea ndio unawalazimisha wazee wafiche? Na mimi nimwamini vipi kiongozi ambaye ninachokijua juu yake kinatoka jikoni tu?

#2 Kaskazi_Kisumu
Pole dada. Huku Nyanza tuna makanisa madogo yaliyoanzishwa na wamishonari wa aina hiyo hiyo kutoka Marekani. Kwetu mmishonari mmoja aliondoka na familia yake kati ya Jumapili mbili. Nyumba ikabaki na vyombo mezani, ng'ombe wakagawiwa majirani. Tulichoambiwa ni "sababu za kifamilia". Mpaka leo kuna wazee wanaosema alitubu jambo zito, na wengine wanasema mtoto wake aliugua. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi, lakini wote wanaaminiwa. Kilichovunjika pale ni imani ya vijana. Walisema: sisi tukikosa tunasimamishwa mbele ya kanisa, mzungu akikosa anapandishwa ndege.

#3 Ubuyu_Moto
Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Dada, hizo sababu tatu unganisha, ukweli umo humo humo.

#4 MzeeWaBukiroba
@Ubuyu_Moto, jina lako limeshakutangaza. Biblia nayo inasema moto hufa kwa kukosa kuni, na bila mchongezi fitina hukoma. Mithali 26.

Sasa BintiMara, nikujibu kwa historia, maana wengi hapa wanadhani usiri huu ni wa asili ya Wamennonite. Mwaka 1527 Waanabaptisti, Wakristo waliobatiza watu wazima na ambao Wamennonite wametokana nao, walikutana Schleitheim, mpakani mwa Uswisi na Ujerumani, wakakubaliana vifungu saba. Kifungu cha pili ni cha kutengwa: aliyeanguka aonywe mara mbili faraghani, na ya tatu mbele ya kanisa lote. Kifungu cha tano ni cha mchungaji, na hapo ndipo pa kuangalia. Asishitakiwe bila mashahidi wawili au watatu, lakini ikithibitika ametenda dhambi, akemewe mbele ya wote ili wengine waogope. Waliitoa kwenye 1 Timotheo 5. Michael Sattler, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeviandika, aliuawa Rottenburg mwezi wa tano mwaka ule ule.

Kwa hiyo faragha ilikuwa hatua ya kwanza. Mwisho wa jambo ulikuwa hadharani, na kwa mchungaji hasa. Leo mshirika wa kawaida akikosa anafikishwa mbele ya kanisa, mhubiri akikosa anasomewa karatasi. Mimi naona mambo yamegeuzwa juu chini.

#5 Seremala_OH
Mzee Bukiroba umenena, ila kuna kitu hujakigusa: kura.

Nafanya kazi ya useremala Holmes County, Ohio, na waajiri wangu ni watu hawa hawa. Nilialikwa siku ya kumweka mhubiri. Wiki kadhaa kabla, washirika walipita mmoja mmoja kwenye chumba kidogo na kumnong'oneza askofu jina la wanayemwona anafaa. Ukipata majina ya kutosha unaingia kwenye kura. Idadi haitangazwi. Siku yenyewe vitabu vya nyimbo vilipangwa mezani, vyote sawa, kila kimoja kimefungwa mpira, na ndani ya kimoja mna kikaratasi chenye andiko la Mithali 16:33. Kila ndugu akachukua kitabu chake. Askofu akaanza kufungua kimoja kimoja. Aliyekutwa na kikaratasi ni kijana mfugaji, jirani yangu. Mikono ilimtetemeka mpaka kitabu kikagonga benchi, mkewe akainama akalia. Toka saa ile ni mhubiri mpaka kufa, hana mshahara, hajasoma chuo, na alfajiri inayofuata anakamua ng'ombe kama jana.

Mtu aliyepatikana hivyo utamhoji kwa njia gani? Kamati haikumchagua, nawe hukumpigia kura ya wazi. Wanaamini ni Mungu. Ukiuliza maswali unaonekana unamuuliza Mungu. Kwa macho yangu usiri unaanzia pale kwenye chumba cha minong'ono, kabla hata hajakosa lolote.

#6 Mwalimu_Tarime
Niweke sawa kidogo. Si makanisa yote ya kihafidhina yanatumia kura siku hizi, mengine huchagua kwa sauti za washirika. Pia tusiwachanganye watu. Kuna wa kizamani wanaopanda magari ya farasi. Kuna wa makoloni, yaani makazi yao ya peke yao, ya Mexico na Bolivia wanaozungumza Kijerumani chao. Na kuna hawa wa BintiMara. Wengi wa Pennsylvania walijitenga na Lancaster Conference, umoja wa makanisa ya Mennonite ya huko, mwishoni mwa miaka ya 1960, walipoona nidhamu ya mavazi na televisheni inalegea. Kila kundi lina taratibu zake za siri.

#7 Mama_Nyakato
Mnaupiga umbea mawe sana. Niseme kama mama.

Kuna kanisa nililosali, nchi sitaitaja, ambapo kina mama tulikuwa tunaambiana polepole kwenye kumenya viazi: "Binti yako asiende kusaidia kazi kwa fulani." Bila kueleza zaidi. Wazee walituita wachongezi na tukaonywa. Baada ya miaka, yule fulani alikamatwa. Mabinti waliosalimika walisalimika kwa maneno ya jikoni. Barazani hakuna aliyekuwa ametamka neno.

Mkisema Mithali 26, semeni pia nani alikuwa na kipaza sauti na nani alikuwa na viazi tu.

#8 Kaskazi_Kisumu
Mama Nyakato, asante. Hilo limenikaa.

#9 Ubuyu_Moto
Mama katutetea! Lakini nakubali, kuna umbea wa kuonya na umbea wa kufurahia. Huu wa pili ndio wangu na nitaupunguza. 😄

#10 Seremala_OH
Bolivia iliyotajwa na Mwalimu ina funzo. Koloni la Manitoba, kati ya 2005 na 2009, wanawake na watoto waliamka asubuhi vichwa vinauma, wana dalili za kuingiliwa, na hawakumbuki kitu. Maelezo yaliyozunguka yakawa ni mashetani, au ni mawazo ya wanawake. Kumbe ni wanaume wa hapo hapo waliokuwa wakipuliza dawa ya kulevya ya mifugo ndani ya nyumba usiku. Mwaka 2011 mahakama iliwafunga, wengi wao miaka 25. Tazama jinsi uvumi wa mashetani ulivyowafaa wahalifu. Kwa hiyo @Mama_Nyakato, jikoni panaweza kuokoa, na panaweza pia kumficha mbaya.

#11 Mama_Nyakato
@Seremala_OH habari ya mashetani haikutungwa jikoni peke yake, baba. Wenye mamlaka waliiacha itembee kwa sababu iliwapunguzia kazi.

#12 Mwalimu_Tarime
Na bado koloni lile si kanisa la BintiMara. Lile ni eneo lililojitenga, wanawake wengi hawajui hata Kihispania, wangekwenda polisi gani? Lancaster unaendesha gari dakika chache umefika kituoni. Ukitafuta mfano ulio karibu naye, tazama Ohio. Christian Aid Ministries, shirika kubwa la misaada la Waamish (ndugu wa karibu wa Wamennonite) na Wamennonite wahafidhina, lilikiri hadharani mwaka 2019 kwamba mameneja wake wawili walijua tangu 2013 juu ya mwenendo wa mfanyakazi wao aliyekuwa Haiti. Mtu huyo aliendelea kufanya kazi huko. Novemba 2019 mahakama ya Holmes County ilimhukumu miaka 9 jela kwa makosa dhidi ya wavulana wa Ohio.

#13 Seremala_OH
Nilikuwepo mji ule habari ilipotoka. Watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini dukani, ukikaribia wanaanza habari za mvua. Nilichokisikia tena na tena ni hiki: "Lakini alikwisha kutubu." Nadhani hapo pana mzizi mwingine ambao hamjautaja. Kwao dhambi ikiungamwa imekwisha, na anayeirudia kwa mdomo ndiye mkosaji mpya. Kwa mtu aliyeiba mbao hilo ni jambo zuri kabisa. Kwa anayedhuru watoto, unamrudishia watoto.

#14 Jabali77
Msiwasakame wahafidhina tu. John Howard Yoder, mwanateolojia wao mkubwa kuliko wote, aliwanyanyasa wanawake miaka na miaka, na seminari ikafunika kombe mwanaharamu apite.

#15 MzeeWaBukiroba
Jabali, Yoder hakuwa mhafidhina wa aina hii, alikuwa msomi wa upande ule mwingine kabisa. Ila mfano wako unasaidia kwa namna nyingine. Alipobanwa alidai Mathayo 18 ifuatwe: mwanamke mwenye malalamiko amwendee yeye kwanza, peke yao wawili. Andiko la kupatanisha ndugu likawa ukuta. Nidhamu yake ya kanisa ilianza 1992 ikafungwa 1996, mwaka uliofuata akafa, na taarifa yenye kina ilichapishwa 2015. Elimu na uhuru wa mavazi havikuwasaidia kusema mapema.

#16 Shemasi_Mstaafu
Amani kwenu. Nimesoma yote, naomba mnivumilie, mimi nimekaa upande wa pili wa mlango.

Nimekuwa shemasi kwa muda mrefu katika kanisa la mashambani. Kazi ya shemasi kwetu ni kupeleka maonyo, kusuluhisha, na kushika mfuko wa maskini. Mnadhani tunaficha ili kumlinda mkubwa. Mara nyingine ni kweli, sitabisha. Lakini sikilizeni kisa. Mzee mmoja aliangukia dhambi na mke wa mtu. Mume hakujua. Kanisa lina familia zisizofika ishirini. Ukitangaza dhambi yenyewe, kabla ya wimbo wa mwisho kila mtu ameshahesabu ni mama gani. Tukasema "amesimamishwa kwa sababu za kiroho". Tukatukanwa kwamba tumekula pesa. Mimi mwenyewe niliyeshika mfuko nilitazamwa vibaya sokoni, na sikuweza kujitetea bila kumtaja yule mama.

Kisa kingine: binti alikuja kwangu na mama yake, akanieleza, akaniapisha nisimwambie mtu. Ningefanyaje?

#17 Mama_Nyakato
Mzee shikamoo. Kwa kisa cha kwanza nakuelewa na nakuheshimu. Kwa kisa cha pili, kama binti ni mtoto, hakuna kiapo hapo. Unampeleka ustawi wa jamii au polisi siku hiyo hiyo.

#18 Mwalimu_Tarime
Sheria iko upande wa Mama Nyakato. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Pennsylvania viongozi wa dini wamo kabisa kwenye orodha ya wanaolazimika kuripoti wakishuku mtoto anadhuriwa. BintiMara, askofu wako hana hiari katika hilo.

#19 Shemasi_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Sheria naijua sasa. Wakati ule hatukufundishwa, na tulichojua ni 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu hampeleki ndugu mbele ya wasioamini. Andiko lile linahusu madai ya mali na ugomvi, lakini kwetu lilifunika kila kitu. Binti yule tulimhamishia kwa shangazi yake. Yule mwanamume alibaki.

#20 Nyota_ya_Shirati
Nimesoma #19 nikanyamaza kwanza.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Wamishonari wa Lancaster walifika Shirati 1934, watu wenye nguo za utaratibu na kofia kama hawa hawa wa BintiMara. Mwaka 1942 Uamsho ukashuka Shirati. Watu walisimama wakatubu mbele ya wote, waafrika na wamishonari pamoja: wizi, chuki, kudharauliana. Walisema wanatembea nuruni, kama 1 Yohana 1:7. Na moto ule ulivuka bahari, wamishonari wakaupeleka mpaka kwao Lancaster. Kwa hiyo yasisemwe kwamba Wamennonite hawajui uwazi. Waliufundishwa Mara! Mchungaji aliyetubu mbele ya waumini wake bibi alimwamini zaidi.

#21 Kaskazi_Kisumu
Hii nilikuwa siijui. Kumbe deni lipo.

#22 MzeeWaBukiroba
Nyota, umenikumbusha wazazi wangu. Ila tuseme yote. Uamsho nao ulikuwa na majeraha yake. Mtu anasimama anasema "nilizini", na walio kwenye mabenchi wanageuka kumtazama jirani. Wengine walitubu dhambi za wenzao kuliko zao. Ndugu waliokomaa ikabidi wafundishe: ungama lako, la mwenzio usiliguse. Na aliyekataa kusimama aliitwa baridi. Nuru nayo inaweza kutumiwa kumpiga mtu.

#23 Jabali77
Kwa hiyo siri mbaya, uwazi mbaya. Tufanye nini, tuhamie msikitini? 😄

#24 Mwalimu_Tarime
@Jabali77 huko nako kuna baraza na kuna jikoni, utatukuta.

#25 BintiMara
Asanteni nyote. Shemasi, asante kwa kuwa mkweli, nimelia.

Niongeze jambo. Kwetu Meza ya Bwana ni mara mbili kwa mwaka, na kabla yake kuna kikao cha maandalizi. Kila mshirika anatamka kwamba ana amani na Mungu, na kanisa, na jirani, na kwamba anatamani kushiriki. Kikao kinakaribia. Mimi sina amani. Sijamkosea mtu wala sijakosewa, ila sijui ninaombea nini. Nikisema hivyo hadharani nitaonekana mwasi. Nikisema nina amani nitakuwa nimedanganya mezani pa Bwana. Kuna aliyewahi kukataa?

#26 Aliyetoka_OH
Mimi. Nilisema: "Sina amani na jinsi baraza linavyotunza mambo." Shemasi alikuja nyumbani siku mbili baadaye na mhubiri mmoja. Walikuwa wapole, wakanywa chai. Waliniuliza nani kanijaza maneno. Hilo ndilo swali walilokuja nalo, nani. Ningetaja jina, dada mmoja angeitwa kwa uchongezi. Sikutaja. Nikaambiwa nisishiriki mpaka nijinyenyekeze, wakanisomea Waebrania 13:17 juu ya kuwatii wenye kuongoza. Mwishowe nikaondoka.

Nisiwe mchoyo lakini: mama yangu mkwe alisema maneno yale yale katika kanisa la jirani, askofu mwingine, na yule askofu alimshukuru mbele ya wote na akaitisha kikao cha wazi. Kanuni ni zile zile zilizochapishwa. Ndiyo maana sikubali sana nadharia zenu za Schleitheim na kura. Mimi naona ni mtu mwenyewe.

#27 Seremala_OH
Kama ni mtu mwenyewe, mbona mtu mbaya anapata kinga moja kila mahali? Undugu, dada. Holmes County nusu ya baraza ni mashemeji. Kuna gazeti lao The Budget linatoka Sugarcreek tangu 1890, barua za kila jimbo: nani kazaa mapacha, nani kaanguka ghalani, nyasi zimekatwa lini. Sijawahi kuona sababu ya mhubiri kunyamazishwa. Lakini mama mwenye nyumba wangu akisoma kwamba familia fulani imehamia jimbo jingine katikati ya mavuno, anaweka gazeti chini na kusema, "Kuna jambo." Hakosei sana.

#28 Shemasi_Mstaafu
BintiMara, nikushauri kama baba. Usisubiri kikao. Mwendee askofu kabla, na dada mmoja unayemwamini. Usiulize alifanya nini. Uliza mambo matatu: je, kuna mtoto aliyedhuriwa, kama yupo, polisi wamearifiwa, na nani anamtunza yule mama wa benchi. Hayo anaweza kuyajibu bila kufunua siri ya mtu.

#29 Mama_Nyakato
Hapo mzee nimekuvulia kilemba. Na akikataa kujibu la kwanza, nenda kituoni wewe mwenyewe.

#30 Kaskazi_Kisumu
Kwetu baada ya yule mmishonari, aliyefuata alipomsimamisha shemasi alituambia hivi tu: "Si pesa, si mtoto, wala si jambo la polisi." Kwa kweli maneno yalipungua sana, watu wakarudi shambani.

#31 Aliyetoka_OH
@Kaskazi_Kisumu na siku atakaposimama akasema "si pesa" peke yake, mtajua nini?

#32 Kaskazi_Kisumu
Tutajua la kuuliza. Zamani hatukuwa na hata hilo.